Kipato kidogo kisimcheleweshe mtoto kupata matibabu: vitu vya kupanga mapema

Ukitaja kipato na afya ya mtoto watu wengi wanawaza chakula tu, na ni kweli chakula kimo, ila kwa ninavyoona mimi kukosa hela kunamuumiza mtoto zaidi kwa kuchelewa. Homa inaanza jioni, mnasema tuone kesho, kesho mnasema tungoje mshahara, siku ya tatu mtoto anahema kwa shida. Kwa hiyo ondoa sababu za kusubiri kabla hajaumwa.

Anza kuuliza ukiwa bado mjamzito. Nchi nyingi zina huduma bure kwa wajawazito na watoto chini ya miaka 5, lakini hiyo bure ina mipaka, kwa hiyo uliza kimoja kimoja: kumuona daktari ni bure, je vipimo? dawa zikiisha pale zinanunuliwa na nani? kulazwa je? Na kama mna bima, mtoto anaingia siku anayozaliwa au mpaka aandikishwe kwanza? Hili watu wanalisahau mno, wanakuja kushtukia dirishani na kichanga mkononi. Cheti cha kuzaliwa kifuatilieni wiki za mwanzo.

Halafu tenga nauli, maana huduma ikiwa bure nauli siyo bure, na siku ya kibarua ikipotea imepotea. Hela hiyo akae nayo anayeshinda na mtoto, aitumie bila kuomba ruhusa kwa mtu, kwa sababu masaa mengi yanapotea mama akimsubiri baba arudi. Mexico mwaka 1997 walianza mpango wa Progresa, wakawa wanawapa akina mama wenyewe hela kwa sharti la kupeleka watoto kliniki, na watoto wa familia hizo wakawa wanaugua kidogo kuliko wengine.

Vya bei ndogo usiviruke: maziwa ya mama peke yake miezi 6, chanjo kwa tarehe za kwenye kadi, na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, iwepo ndani muda wote. Akiharisha mpe ORS, na zinki siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumeshakata. Kama umeajiriwa dai likizo ya uzazi, mkataba wa ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000 unasema isipungue wiki 14, angalia sheria ya kwenu inasemaje.

Ila akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea haamki vizuri au kifua kikibonyea ndani akivuta hewa, ondokeni saa hiyo hiyo hata kama hamna kitu mfukoni, na kichanga chini ya miezi 2 mwenye homa au mwili wa baridi naye hivyo hivyo. Mkifika mkadaiwa hela hamna, ombeni kuonana na afisa ustawi wa jamii, hospitali nyingi anakuwepo na kazi yake ni pamoja na wagonjwa wasioweza kulipa, na mkilipishwa kitu mlichoambiwa ni bure daini risiti.