Gitaa la umeme linakoroma? Tafuta kwanza linakoromea wapi

Wadau wa magitaa, hasa nyie mnaopiga kanisani na kwenye bendi, ile zzzz inayotoka ukipiga noti naona wengi wakiisikia tu wanakimbilia kupandisha saduli zote (vile vipande vidogo vinavyobeba nyuzi) kwenye briji, gitaa linakuwa gumu, vidole vinauma na bado linakoroma. Mi niliwahi kumpelekea fundi gitaa langu akachukua msasa akapiga freti zote (vile vyuma vya kukingama shingoni) bila hata kuangalia shingo, freti zikaisha na koromo likabaki palepale, iliniuma sana manake shida ilikuwa ya kuzungusha spana robo tu.

Kwanza chomeka kwenye ampu. Kama koromo unalisikia tu gitaa likiwa halijachomekwa, kwenye spika halipo, liache. Na kama ni mngurumo unaopungua ukishika nyuzi kwa mkono, huo ni wa umeme, shingo haihusiki kabisa. Ila sisi tunaopiga sebene tunapiga sauti safi bila distoshoni, tena tunadonoa kwa nguvu kule juu, kwa hiyo hata koromo dogo linatoka lote.

Funga nyuzi mpya, tyuni vizuri, alafu pita freti moja moja kila uzi, kidole kikae karibu na freti. Kama zinakoroma freti za mwanzo, ya 1 mpaka ya 5 hivi, mara nyingi shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kwenda nyuma, na hii inatokea sana ukitoka nyuzi nene za 10 ukafunga nyembamba za 9 manake mvuto umepungua. Ukikoroma uzi mtupu peke yake, ukibonyeza freti yoyote unatulia, angalia nati (kile kipande cha mfupa au plastiki karibu na kichwa, sio nati ya bolti). Zikikoroma kila mahali, nyuzi ziko chini mno. Ikiwa ni sehemu moja tu, kuna freti imenyanyuka, chukua kitu kilichonyooka kama ukingo wa kadi ya benki uweke juu ya freti tatu, ukicheza kama meza mbovu basi ile ya katikati ndo yenyewe, gonga taratibu irudi chini, ikigoma hapo ndo umtafute fundi.

Sasa shingo, hapa ndo msitake haraka. Bonyeza uzi wa sita (ule mnene kuliko wote) kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa wakati mmoja (kapo, kile kibanio cha shingoni, inasaidia) alafu angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa kama milimita 0.25. Huna fila geji (vile vibati vya kupimia nafasi)? Mafundi pikipiki wanayo ya kupimia tapeti, au chukua kipande cha uzi wa kwanza wa seti ya 10, unene wake ni huohuo 0.25, kipitishe pale chini. Kisipopita bila kusukuma uzi, legeza trasi rodi (chuma kilicho ndani ya shingo) kinyume na saa, robo mzunguko tu, usizidishe, tyuni tena upime tena. Nafasi ikiwa kubwa sana unakaza kwa mwendo wa saa. Ikigoma kuzunguka acha, usilazimishe kabisa, ikikatika trasi rodi shingo imekwisha.

Shingo ikishakaa sawa ndo uguse saduli. Fender wanaweka milimita 1.6 hivi kati ya uzi na freti ya 17, lakini kwa mkono mzito mi uzi wa sita naupandisha mpaka 2 na wa kwanza unabaki 1.6. Pandisha kidogo kidogo huku unapiga.

Nati iliyochimbika sana kwangu dawa ni kuweka mpya. Na ukisikia noti za juu za nyuzi nene zinayumba kama hazijatyuniwa, teremsha pikapu (kile kinachonasa sauti ya nyuzi) ya shingoni, sumaku inavuta nyuzi.

Ukimaliza liache gitaa lilale usiku mzima likiwa limetyuniwa, asubuhi pima shingo tena manake mbao huwa inaendelea kusogea, alafu linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki yake palepale (ile sauti kama kengele ukigusa uzi bila kuubonyeza), ukishagusa saduli lazima hii uirekebishe upya.