Picha moja, mara mbili: kutafuta kosa pale makala ya blogu inapojisambaza yenyewe

Umechapisha makala kuhusu bei ya gunia la unga pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Blogu imeituma yenyewe kwenye ukurasa wa Facebook na kwenye chaneli ya Telegram, kama ulivyoipanga. Unafungua simu na kukuta ile picha ya magunia imetoka mara mbili, moja chini ya nyingine. Au makala ya leo imebeba picha ya makala ya juzi. Hapa Lubumbashi wasomaji wengi huishia kwenye kichwa na picha, kwa sababu mega (bando la intaneti) za kufungua makala nzima si za kila siku. Picha ikikosewa, wengi hawatajua hata habari ilihusu nini.

Mwongozo huu ni wa wenye WordPress, maana ndiyo ninayoitengeneza kila siku. Wa mifumo mingine watafaidi zaidi hatua ya kwanza, ya pili na ile ya kache, yaani nakala za zamani zinazohifadhiwa ili ukurasa ufunguke haraka.

Kabla ya yote, usianze kuzima programu-jalizi (plugin, zile programu ndogo za kuongezea WordPress kazi) moja moja kwa kubahatisha. Picha hufika kwenye mitandao kwa njia tatu: lebo zilizofichwa kichwani mwa ukurasa, mlisho wa RSS (orodha ya makala mpya ambayo blogu huitoa ili mashine ziisome), na huduma ya kusambaza inayobeba faili lenyewe la picha. Mara nyingi picha ikirudiwa, ni kwamba njia mbili zinafanya kazi ya njia moja. Tafuta ni zipi, kisha uache moja.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni nini kinachorudiwa

Watu huniambia "foto inatoka mara mbili" wakimaanisha mambo manne tofauti: chapisho moja lenye picha mbili zilezile, machapisho mawili yanayofanana, picha ileile kwenye makala zote, au picha ya zamani inayong'ang'ania baada ya kubadilishwa. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Piga picha ya skrini, uandike ni mtandao upi na saa ngapi.

Kisha fanya jaribio hili, ambalo huokoa muda mwingi. Nakili kiungo cha makala, ukibandike kwa mkono: kwenye WhatsApp jitumie mwenyewe, na kwenye Facebook anza chapisho jipya bila kulituma. Subiri kadi ya kiungo itokee. Kadi ikitoka safi, na picha moja sahihi, basi mara nyingi ukurasa wako hauna kosa na mwenye kosa ni huduma ya kusambaza. Ruka hadi hatua ya 4. Kadi ikitoka na picha isiyo yake hata kwa mkono, kosa liko ndani ya ukurasa au kwenye kache, endelea na hatua ya 2.

Hatua ya 2: Soma kichwa cha ukurasa

Kwenye kompyuta, fungua makala na ubonyeze Ctrl+U. Kwenye Chrome ya simu ya Android, andika `view-source:` mbele ya anwani ya makala. Utaona msimbo mtupu, ambao pia hautakula mega kama ukurasa wenye picha zote. Tafuta neno `og:image`.

Lebo hizi ni za Open Graph, utaratibu uliotolewa na Facebook mwaka 2010 na ambao sasa unasomwa pia na WhatsApp, Telegram na LinkedIn. X ina lebo yake, `twitter:image`, lakini isipoikuta huchukua ya Open Graph. Ukurasa mzuri unaonyesha hivi:

```
<meta property="og:image" content="https://mfano.cd/unga-kasumbalesa.jpg" />
<meta property="og:image:width" content="1200" />
<meta property="og:image:height" content="630" />
```

Mistari ya upana na kimo haihesabiwi kama picha nyingine, wala `og:image:secure_url`. Hizo ni sifa za picha ileile, ziache. Hesabu mistari yenye `og:image` tupu. Ikiwa miwili au zaidi, umeshapata mshukiwa. Utaratibu wenyewe unaruhusu picha kadhaa, na mgongano ukitokea ya kwanza kutoka juu ndiyo yenye haki. Lakini kuna huduma zinazozikusanya zote na kuzifanya albamu.

Sasa tazama nani ameandika kila kundi la lebo. Programu-jalizi nyingi huacha saini kwenye msimbo: utakuta maandishi yanayotaja Yoast SEO, au Rank Math, au `Jetpack Open Graph Tags`. Lebo zisizo na saini mara nyingi hutoka kwenye mandhari ya tovuti (thème, yaani muundo wa mwonekano wake), hasa mandhari za kulipia zinazojigamba kuwa na kila kitu ndani.

Hatua ya 3: Acha mwandishi mmoja wa lebo

Chagua mmoja. Mimi humwacha yule wa SEO, yaani programu-jalizi ya kuisaidia blogu ionekane kwenye Google, kwa sababu ndiye anayekupa nafasi ya kuweka picha ya mitandao kwa kila makala. Wengine wanyamazishe kwenye mipangilio yao. Wenye WordPress ya Kifaransa watazikuta programu-jalizi chini ya "Extensions". Jetpack kwa kawaida hujinyamazisha yenyewe ikigundua programu-jalizi ya SEO inayofahamika, lakini isipofanya hivyo, mstari huu kwenye faili la `functions.php` la mandhari-mtoto (thème enfant, mandhari ndogo ya marekebisho yako ambayo sasisho haliigusi) unatosha:

```
add_filter( 'jetpack_enable_open_graph', '__return_false' );
```

Ukiweka mstari huo kwenye mandhari kuu, sasisho lijalo litaufuta na tatizo litarudi.

Hapohapo, tazama picha chaguo-msingi. Mama mmoja wa Katuba mwenye blogu ya mapishi aliniuliza: "Papa, juu ya nini matembele, lengalenga na samaki, zote zinatoka na foto moja?" Picha zilikuwa nzuri, ila zilikuwa katikati ya maandishi tu, kile kisanduku cha "Image mise en avant", yaani picha kuu, kilikuwa kitupu kwenye kila makala. Blogu ikikosa picha kuu, inaweza kutuma ile chaguo-msingi, ambayo kwa wengi ni nembo. Jaza kisanduku hicho kila mara. Picha iwe na pikseli 1200 kwa 630 hivi; Facebook haikubali iliyo chini ya 200 kwa 200, na ukiipa ndogo kuliko hapo itajitafutia nyingine kwenye ukurasa.

Hatua ya 4: Picha kuu na picha ya kwanza ndani ya makala

Nikiletewa blogu yenye chapisho moja na picha mbili, hapa ndipo ninapoanza kuchimba. Mwandishi anaweka picha kuu, kisha anaiweka tena juu ya aya ya kwanza ili "ionekane vizuri". Huduma ya kusambaza inachukua picha kuu, halafu inachukua na picha ya kwanza ya maandishi.

Utauliza, mbona mashine haioni kuwa ni picha moja? Kwa sababu inasoma jina la faili, haiangalii sura. WordPress ikipokea picha moja inatengeneza nakala za ukubwa mbalimbali, na tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019, picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa na kuongezewa `-scaled` kwenye jina. Kwa hiyo picha kuu inaweza kuitwa `unga-scaled.jpg` na ya ndani `unga-1024x576.jpg`. Kwa jicho lako ni gunia lilelile. Kwa mashine ni faili mbili.

Kuna na jambo linalotuhusu sana sisi tunaopokea picha za wenzetu kwa WhatsApp. Faili huja na majina kama `IMG-20250312-WA0007.jpg`. Mwandishi anaipandisha asubuhi kama picha kuu, jioni anasahau na kuipandisha tena ndani ya makala. WordPress haikatai, inaiita `IMG-20250312-WA0007-1.jpg` na sasa maktaba ina nakala mbili kamili. Badilisha jina la faili kabla ya kuipandisha, kwa maneno yanayoeleweka, na ndani ya makala chagua kutoka maktaba. Pia ile picha ya WhatsApp imeshabanwa, hivyo ukiweza mwombe aliyeipiga aitume kama dokumenti.

Dawa: toa picha ya juu ndani ya maandishi, acha picha kuu ifanye kazi. Kama mandhari yako haionyeshi picha kuu kwenye ukurasa, washa onyesho hilo kwenye mipangilio yake kuliko kuweka picha mara ya pili.

Hatua ya 5: Fungua mlisho

Kama huduma yako ya kusambaza ni IFTTT, Zapier au Make, huenda inasoma mlisho wa RSS. Andika `/feed/` mwisho wa anwani ya blogu, uangalie makala ya juu kabisa. Picha inaweza kuwa kwenye `enclosure`, kwenye `media:content`, na ndani ya maandishi kama `img`. Ikiwa mahali pawili, na huduma yako imeambiwa ichukue kote kuwili, umepata jibu. Ndani ya huduma chagua sehemu moja tu ya picha.

Angalia pia `noscript`, lebo ambayo kivinjari huionyesha pale tu JavaScript ikiwa imezimwa. Programu-jalizi za kuchelewesha picha, zile zinazosubiri msomaji ateremke ndipo picha ipakiwe, huweka picha bandia kwanza, kisha picha halisi ndani ya `noscript`. Kwenye kivinjari huoni kitu. Kwenye mlisho zote mbili ziko wazi, na huduma inabeba mraba wa kijivu pamoja na picha yako. Zima ucheleweshaji kwenye mlisho. Ukiweza, ondoa programu-jalizi hiyo kabisa, kwa sababu WordPress yenyewe inafanya kazi hiyo tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 bila fujo hizi.

Watumiaji wa IFTTT: isipokuta picha yoyote kwenye mlisho, inaweka picha yake yenyewe ya kusema hakuna picha. Ndiyo hiyo mnayoiona ikijirudia makala baada ya makala.

Hatua ya 6: Chapisho la picha au chapisho la kiungo

Huduma nyingi zinakupa uchaguzi wa aina ya chapisho. La picha linabeba faili. La kiungo linaacha mtandao ujisomee lebo. Usiyachanganye. Telegram ndiyo inayoonyesha kosa hili waziwazi: roboti inatuma picha, halafu ujumbe wa pili wenye kiungo, na kiungo kinaleta kadi yenye picha ileile. Ama tuma picha na kiungo kiwe kwenye maelezo yake, ama tuma ujumbe wa kiungo peke yake. Ukilazimika kutuma ujumbe miwili, zima kadi kwa `link_preview_options` kuwa na `is_disabled`; roboti za zamani bado zina `disable_web_page_preview`.

Mimi napendelea chapisho la kiungo. Mtu akigusa picha anafika kwenye makala, na picha inabadilishwa mahali pamoja tu.

Hatua ya 7: Machapisho mawili mazima

Hili ni rahisi. Tafuta huduma mbili zilizounganishwa na ukurasa mmoja: Jetpack uliyoiunganisha zamani ukasahau, pamoja na Zapier ya sasa. Kwenye mipangilio ya ukurasa wa Facebook tazama programu zilizopewa ruhusa, uondoe usizozitumia. Kisha hakikisha kianzio cha huduma ni "makala mpya" peke yake. Kikijumuisha "iliyosasishwa", kila ukisahihisha herufi makala itatoka tena.

Hatua ya 8: Kache, kwa mpangilio wake

Umerekebisha yote na bado picha ya zamani inatoka. Anza nyumbani: safisha kache ya blogu, na ya seva kama ipo. Ukiruka hapa, Facebook itakuja kusoma upya na kupewa ukurasa uleule wa zamani. Rudia Ctrl+U ukiwa nje ya akaunti yako, uone lebo mpya kwa macho.

Ndipo uende `developers.facebook.com/tools/debug`, ubandike kiungo, uombe kisomwe upya. Usipofanya hivyo Facebook hurudi yenyewe baada ya siku 30 hivi. LinkedIn ina chombo chake, `linkedin.com/post-inspector`. Kwa Telegram, mtumie kiungo `@WebpageBot`. WhatsApp haina chombo, kwa sababu kadi hutengenezwa kwenye simu ya anayetuma. Ujumbe uliokwisha kutumwa utabaki ulivyo.

Picha mpya usiifiche chini ya jina la zamani. Mitandao hukumbuka picha kwa anwani yake, kwa hiyo `unga-2.jpg` inapita haraka kuliko `unga.jpg` iliyobadilishwa ndani.

Kujaribu bila kuwasumbua wafuasi

Tengeneza chaneli ya faragha ya Telegram yenye wewe peke yako, uielekeze huduma huko. Chapisha makala moja yenye picha kuu tu, na nyingine yenye picha kuu pamoja na picha tofauti ndani. Kila moja ikitoka na picha yake kuu peke yake, rudisha huduma kwenye ukurasa wa kweli.

Machapisho yaliyokwisha kutoka mara mbili, futa lile lisilo na maoni. Kama yote mawili yameshajibiwa na watu, yaache; badilisha maandishi ya moja liwe nyongeza ya habari, mathalani bei ya unga ya jioni ile.