Fort Jesus na mama mjamzito: wahini asubuhi

Ukimpeleka mkeo mjamzito Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Mombasa, ingieni mapema, lango likifunguliwa tu. Sisi tulienda saa tano, mimba ina miezi sita. Ule uwanja wa katikati hauna kivuli cha maana, na kuta za mawe ya matumbawe zinarudisha joto usoni kama jiko. Mke wangu alishika ukuta, akaniambia anasikia kizunguzungu. Nilimkalisha kivulini, akanywa maji kidogo kidogo mpaka akatulia. Niliogopa kweli.

Kwa hivyo anzeni ndani, kwenye makumbusho. Hapo mtaona vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Kisha Nyumba ya Waomani, iliyo humo humo ngomeni, taratibu. Ngazi za kupanda ukutani asizipande, panda wewe umpigie picha za bahari. Avae viatu bapa visivyoteleza. Ngome hii ilijengwa 1593 hadi 1596 na sakafu yake haiko sawa kila mahali. Maji, korosho na kijitabu cha kliniki viwe mkobani. Mkitoka, mnunulie dafu kabla hamjaita tuktuk.