Kabla hujasaini mkataba wa ghala la data, pima saa ambazo mashine inakesha

Tulipoachana na leseni za zamani za ghala la data, yaani mfumo unaokusanya data za kampuni ili zichambuliwe, zile za kulipia kila kiini cha prosesa hata kikiwa hakina kazi, nilidhani bili itashuka yenyewe. Ikapanda. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nahesabu terabaiti, kumbe fedha zinaliwa na muda ambao mashine iko macho.

Basi anzia hapo. Maghala mengi ya wingu, yaani ya kukodi kupitia mtandao, hutoza hifadhi na ukokotoaji (kazi ya mashine) kila kimoja kivyake, na kwa wengi wetu hifadhi ndiyo fungu dogo. Usimalize wiki ukifuta majedwali ya kale.

Chukua Snowflake, mojawapo ya maghala hayo, ambako ulaji wa mashine huhesabiwa kwa krediti unazozilipia. Mashine ndogo kabisa, X-Small, hula krediti 1 kwa saa, na kila ukipanda saizi moja ulaji huwa maradufu: Small 2, Medium 4, Large 8, X-Large 16. Hesabu ni ya sekunde kwa sekunde, ila kila mashine ikiamshwa unalipia angalau sekunde 60, hata kama kazi ilikuwa ya sekunde 5.

Sasa dashibodi yangu. Ilijisasisha kila dakika 5, kazi ya sekunde 20 hivi, juu ya Medium iliyopangwa kulala baada ya kukaa bure dakika 10. Ukipiga hesabu utaona haikuwahi kulala. Krediti 4 mara saa 24 ni 96 kwa siku, Jumapili ikiwemo, kwa ajili ya chati ambayo bosi huifungua asubuhi tu. Nikashusha muda wa kulala hadi sekunde 60: kila kuamka kukawa kama sekunde 80, jumla dakika 16 kwa saa, krediti 26 hivi kwa siku. Afadhali. Kisha nikauliza swali lililopaswa kutangulia: usiku nani anaitazama? Hakuna. Ikawa inasasishwa mara moja kwa saa, mara 10 kwa siku ya kazi, na ulaji ukashuka chini ya krediti 1.

Saizi kubwa si lazima iwe ghali, na hili huwachanganya wahasibu. Kazi inayochukua dakika 40 kwenye Medium hula krediti 2.7, Large ikiimaliza kwa dakika 18, umelipa 2.4. Panda saizi maadamu muda unapungua kwa nusu au karibu na hapo. Ukifika X-Large na bado inachukua dakika 15, umelipa 4. Rudi chini.

BigQuery, ghala la Google, ina mtego mwingine: ukiwa kwenye malipo ya kila swali, unatozwa kwa data iliyosomwa, si majibu uliyopata. Kuandika LIMIT 10, yaani nipe mistari 10 tu, kwenye jedwali la kawaida hakupunguzi kitu, limesomwa lote. Taja safu wima unazozihitaji, gawa jedwali kwa tarehe, na uweke kikomo cha baiti kwa kila swali ili lile la kizembe likataliwe kabla halijatozwa. Kuna pia jaribio la bure linaloonyesha swali litasoma kiasi gani. Nimewalazimisha wenzangu walitumie, wananuna, lakini wanalitumia.

Mkataba uwe wa mwisho. Muuzaji atakupa punguzo ukiahidi matumizi ya mwaka mzima, na makadirio yake atayatoa kwenye matumizi yako ya leo, pamoja na ile dashibodi inayokesha. Safisha kwanza, kaa miezi miwili ukilipa kadiri unavyotumia, ndipo uahidi. Mimi huahidi robo tatu ya nilichopima, si zaidi. Na uliza haya, ujibiwe kwa maandishi: krediti zilizobaki zinahamia mwaka ujao au zinakufa? Nikivuka ahadi, bei ya ziada ni ile ile? Bei ya kuhuisha mkataba ina kikomo? Akijibu la pili kwa tabasamu tu, rudisha kalamu mfukoni.