Ghala Lina Mitaa: Jinsi ya Kuipa Kila Sehemu ya Stoo Anwani Yake

Zamani ukiuliza sukari iko wapi kwenye ghala letu, jibu lilikuwa: "Nyuma ya nguzo ya tatu, pale alipokuwa anakaa mzee wa chumvi." Mzee wa chumvi mwenyewe alishaacha kazi, lakini wenyeji tulielewana. Halafu siku moja nikalazwa na malaria. Boti inasubiri ufukweni Kibirizi kuvusha mzigo kwenda Kongo, vijana wanatafuta katoni 40 za sabuni mchana kutwa hawazioni. Bosi akanunua nyingine mjini kwa bei ya rejareja. Zetu zilikuwepo, nyuma ya mabati, zimefunikwa turubai. Kosa lilikuwa langu: ramani ya ghala nilikuwa nayo kichwani, na kichwa kilikuwa wodini.

Tuko Kigoma, mwisho wa reli. Tunapokea chumvi ya Uvinza, saruji, mabati, unga, sabuni, vipuri vya injini za boti na madumu ya mawese. Rafu tunazo upande mmoja tu. Mzigo mwingine unakaa chini. Nilivyopanga ndivyo hivi.

Hatua ya 1: Namba ni ya mahali, si ya mzigo

Hapa ndipo stoo nyingi zinapokwama. Mtu anachukua makapeni anaandika "SUKARI" kwenye rafu. Mwezi unaofuata sukari imeisha, pamewekwa biskuti, na kuli mgeni anabaki kukodoa macho.

Kumbukeni mwaka 2022, kabla ya sensa, tulipobandikiwa namba za nyumba na vibao vya mitaa. Mpangaji akihama, namba ya nyumba haondoki nayo. Ghala nalo ni hivyo hivyo. Rafu inabaki na namba yake. Nani amelala humo leo, hiyo ni kazi ya leja.

Hatua ya 2: Chora ghala kwanza

Karatasi, penseli na futi. Onyesha milango, nguzo, na mahali paa linapovuja (usijidanganye kwamba litazibwa wiki hii). Kisha gawa kanda kwa kuangalia mizigo isiyopatana: mawese mbali na unga, dawa na mbolea mbali na chochote kinacholiwa. Sisi tuna kanda nne.

Hatua ya 3: Tunga anwani

Yetu inasomeka hivi: A-03-07-2. Yaani kanda A, njia ya 03, chumba cha 07, ngazi ya 2. Chumba ni nafasi kati ya nguzo mbili za rafu. Inaanza na pakubwa inamalizia padogo, kama unavyomwelekeza mgeni: mtaa, nyumba, halafu mlango.

Mambo madogo ya hapa ndiyo yaliyonisumbua kuliko yote.

Andika 03, usiandike 3. Ukipanga orodha kwenye Ekseli bila sifuri ya mbele, 10 na 11 zitakaa kabla ya 2. Na anza na herufi, kwa sababu ukiandika 03-07-2 peke yake, Ekseli inaweza kuigeuza tarehe, ukajikuta na mzigo uliohifadhiwa mwezi wa saba.

Usitumie herufi I na O. Zikichakaa kidogo tu zinakuwa 1 na 0.

Herufi zisifanane mdomoni pia. Ghalani watu hawanong'oni, wanapiga kelele, huku lori linaunguruma mlangoni. B, D, P na T zikipigiwa kelele ni kitu kimoja. Na huku kwetu msiniambie habari ya kuweka L na R kwenye ghala moja. Nusu ya vijana wangu hawazitofautishi, na mimi mwenyewe nikichoka zinanipotea. Baada ya kubishana tukabaki na A, B, H na W. Hazifuatani, lakini hakuna anayekosea. Vilevile usiweke S kwa ajili ya saruji: siku saruji ikihamia upande mwingine, umerudi kwenye kosa la hatua ya kwanza.

Ngazi zihesabiwe kutoka chini kwenda juu, ili ukiongeza rafu juu namba za chini zisiguswe. Mwanzoni niliziita "ghorofa", ukazuka ubishi: ghorofa ya kwanza ni ya chini kabisa au inayofuata? Nikaliacha hilo neno. Tunasema ngazi, na inayogusa sakafu ni 1.

Vyumba tunaanza kuhesabu kutoka mlango wa kupakilia: witiri kushoto, shufwa kulia. Ukiona 07 unajua ugeukie wapi kabla hujafika.

Hatua ya 4: Mizigo ya sakafuni

Magunia ya chumvi na mifuko ya saruji haina rafu, kwa hiyo watu huiacha bila anwani. Usiache. Tulipiga mistari ya rangi ya njano, tukagawa sakafu viwanja vya kutosha chaga moja ya mbao ya kupangia mzigo, tukaacha nusu mita kutoka ukutani ili ufagio upite na panya wasipate maficho.

Namba nilizichora sakafuni, nikajipongeza. Kesho yake magunia yakalala juu yake. Sasa kila kiwanja kina kibao kinachoning'inia kutoka kwenye kenchi kwa waya wa kufungia nondo, juu ya kimo cha mzigo. Namba ya sakafuni imebaki, inasaidia kiwanja kikiwa kitupu.

Hatua ya 5: Lebo zenyewe

Ukubwa wa herufi una kanuni rahisi: kila mita 3 za umbali zinahitaji herufi ya urefu wa milimita 25 hivi. Kibao cha njia kinachosomwa kutoka mlangoni, mita 20, kinataka herufi ya sentimita 17 hivi. Lebo ya rafu inayosomwa mtu akiwa amesimama mbele yake, milimita 25 zinatosha na kubaki. Nyeusi juu ya nyeupe au juu ya njano. Urembo mwingine acha.

Ngazi za juu usizibandikie lebo huko juu peke yake. Weka namba zote za chumba kwenye kibao kimoja usawa wa macho, kila ngazi na rangi yake (hapa tu rangi si urembo), na mshale wa kwenda juu.

Karatasi ya leminesheni na selotepu inafaa kwenye kanda kavu, ukishafuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti na kuacha pakauke. Kanda ya mawese ni habari nyingine. Mafuta yanatambaa, gundi inaachia, na joto la bati linamalizia. Nilibandika mara tatu, zote zikaanguka. Mwishowe nikakata vipande vya bati, nikapiga rangi ya mafuta, herufi nikazichora kwa kupitisha rangi kwenye filamu ya zamani ya eksirei niliyoitoboa kwa wembe. Vimefungwa kwa waya. Mafuta yakirukia, unafuta.

Ukitaka kutumia simu, msimbo wa QR unaweza kubeba anwani hiyo hiyo. Lakini maandishi makubwa yawepo pembeni. Simu huzima chaji.

Hatua ya 6: Leja

Ongeza safu ya "mahali". Hakuna mzigo unaoandikwa umeingia bila anwani, na ukihamishwa, anwani inabadilishwa kabla kuli hajalipwa. Ukali wangu wote niliumalizia hapo.

Hatua ya 7: Mjaribu mgeni

Usijijaribu mwenyewe, wewe unajua. Nilimwita dereva wa bajaji aliyekuwa nje anasubiri abiria, nikampa karatasi yenye anwani tano na maelezo ya dakika moja. Nne akazipata bila kuuliza. Ya tano, H-02-05-1, akapita mbele yake mara mbili. Nikaenda kusimama alipokuwa amesimama yeye: mlango wa ghala ukifunguliwa wote, ubao wake unakifunika kibao. Tukakisogeza upande wa pili wa nguzo siku hiyo hiyo.