Jinsi ya kumjua mbung'o mdogo wa misitu ya pwani, na pa kumtafuta

Ukitaja mbung'o watu wengi wanawaza mbugani, gari limefungwa vioo na nzi wanagonga dirishani. Ila kuna mwingine mdogo, anakaa kwenye misitu na vichaka vya pwani na watu wanapishana nae bila habari. Kitaalamu anaitwa Glossina austeni, mtaalamu wa wadudu Newstead ndo alimwelezea kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Hapa naelekeza namna ya kumjua ukiwa nae mkononi, na ukishauelewa mwili wake utaona mwenyewe kwanini sehemu fulani yupo na kilomita chache mbele hamna kabisa.

Kwanza usimponde. Najua akikuuma mkono unawahi kabla ya akili, ila aliyepondwa hana kazi tena, mfunike na kikopo au chupa tupu ya maji, tia kwenye friza dakika kama 20 atatulia. Kama uko porini tumia spiriti, ya asilimia 70 ndo nzuri, lakini mpige picha kwanza maana humo rangi inapauka. Karatasi ya mahali na tarehe andika kwa penseli, wino wa kalamu unatoka wote unabaki na kikaratasi cheupe na nzi usiyejua katoka wapi, na nzi wa hivyo hana maana yoyote kwa mtu anayechora ramani.

Sasa anza na mabawa, rangi achana nayo kwanza. Mbung'o akitua analaza bawa moja juu ya lenzake kama mkasi uliofungwa, kwaiyo ukimwangalia kwa juu ni mwembamba na mrefu. Anayechanganya watu sana ni yule nzi wa mazizini anayeuma ng'ombe miguuni, nae ana mdomo uliochongoka kwenda mbele, ila yeye akitua mabawa yanaachana. Pange hata humkosei, lile jitu la macho ya kung'aa. Ukiwa bado na wasiwasi vuta bawa moja taratibu kwa ncha ya sindano, liinue lipite mwanga, angalia katikati: mishipa imezunguka kijumba chenye umbo la shoka, na mpini wake kabisa. Hicho nzi mwingine hana. Ukikiona basi huyo ni mbung'o, kilichobaki ni kujua mbung'o yupi.

Mdomo umelala usawa mbele ya kichwa, na ule unene unaouona sio sindano yenyewe bali ni vifuniko viwili vinavyoifunika kwa pembeni. Akitaka kunyonya sindano inashuka chini, vifuniko vinabaki palepale. Kwenye shina la sindano kumevimba kidogo, ndani kuna misuli ya kuutumikisha huo mdomo. Kwenye kipapasio kuna unywele mmoja mrefu wenye vinywele upande mmoja tu, na kila kinywele kina vijitawi vyake, lenzi ya mkono ya mara 10 inakuonyesha ule upande mmoja ila vijitawi mpaka darubini.

Mpindue chali. Ncha ya tumbo dume ana kifundo cha mviringo kimejikunja kwa chini, jike pako bapa. Wote wawili wanakunywa damu, sio kama mbu ambao dume hana habari na wewe. Ukitaka kukisia umri wa dume angalia ukingo wa nyuma wa bawa, ukiwa mzima bado kijana, ukichanikachanika huyo mzee, na watafiti wanazipa hizo chanika madaraja kabisa. Ukimbonyeza kifua akawa laini, huyo katoka ardhini juzi tu na hajala.

Huyu wetu wa pwani utamtenga na wenzake kwa udogo kwanza: milimita 7 au 8 hivi bila kuhesabu mdomo, ni katika mbung'o wadogo kuliko wote, na tumbo kwa juu limeelekea wekundu wa kutu, mistari myeusi haijitokezi sana. Glossina pallidipes, ambae mara nyingi wanaishi eneo moja, ni mkubwa zaidi na mistari ya tumbo unaiona bila kutafuta. Glossina brevipalpis nae anapenda msitu lakini ni jibonge, katikati ya bawa mshipa mdogo uliokingama umekolea weusi, na huyo anatoka zaidi alfajiri na jioni giza linapoingia. Hao watatu wote wapo Shimba Hills kule Kwale, Kenya, kwaiyo ukitaka kuwalinganisha pale ni pazuri.

Sasa sehemu ambayo mimi naona ndo tamu. Mbung'o hatagi mayai. Jike kwa kawaida anapandwa mara moja tu maisha yake yote, mbegu anazitunza, alafu analea buu mmoja mmoja ndani ya tumbo kwa maziwa ya tezi yake mwenyewe, kila siku 9 au 10 anazaa mmoja. Ukibahatika kumkamata jike wa siku za mwisho utaona tumbo limejaa na buu mweupe ndani, nyuma ana vinundu viwili vyeusi ndo anavyopumulia. Akizaliwa hali kitu, anajichimbia kwenye udongo laini wa kivulini, anakuwa pupa, yaani anajifungia kwenye ganda gumu, na anakaa humo kama mwezi, baridi ikizidi anachelewa, joto kali linamuua.

Hapo ndo ramani yake inapoeleweka. Mama anayezaa mmoja mmoja hawezi kupoteza watoto kwenye udongo uliochomwa na jua, na yeye mwenyewe kwa siku anaruka jumla si zaidi ya nusu saa, kwaiyo hatoki mbali na kivuli. Anafuata mkanda wa misitu ya pwani kutoka kusini mwa Somalia, Boni na Arabuko-Sokoke kule Kenya, pwani ya Tanzania maeneo kama Saadani, Msumbiji mpaka KwaZulu-Natal Afrika Kusini. Ila usichore mkanda mmoja ulionyooka, ni mabaka mabaka. Msitu ukikatwa ukawa shamba wazi anapungua mpaka anaisha, na kichaka kizito kikibaki chenye nguruwe pori na paa wa kumlisha unaweza kumkuta hata karibu na makazi.

Kumtafuta nako kuna kanuni zake. Kutembea msituni ukatoka hujaumwa haimaanishi hayupo, huyu hapendi sana watu. Mitego ya nguo ya bluu na nyeusi inayowakamata wale wa mbugani kwa mamia, na chupa ya mkojo wa ng'ombe pembeni, kwake inaleta kidogo sana. Kilichofanya kazi Unguja ni vibao vya bluu na nyeupe vilivyopakwa gundi, kwaiyo weka hivyo, ndani ya kivuli au ukingoni mwa kichaka kwenye vinjia vya wanyama, usiweke juani kwenye uwazi alafu ukasema hamna.

Na Unguja wenyewe ni kisa cha pekee. Huyu mdogo ndo alikuwa anaambukiza ng'ombe nagana pale, ugonjwa wa vimelea vya kwenye damu, na msitu wa Jozani ulikuwa ngome yake. Walianza kumpunguza kwa dawa, ng'ombe wakapakwa na vibao vikatiwa sumu, alafu kuanzia 1994 madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi wakawa wanamwagwa kwa ndege, zaidi ya milioni 8. Jike akishapandwa na dume kama huyo ndo basi, kwa sababu ile ile ya kupandwa mara moja. Wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o. Kwaiyo ukiwa Unguja ukanasa nzi mwenye kishoka kwenye bawa usimtupe hata kama amekatika miguu, mtie kwenye spiriti na karatasi yake ya penseli umpeleke ofisi ya mifugo siku hiyohiyo.