SOMO: Kuomba ruzuku ya kusaidia wagonjwa wa saratani (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila wiki napokea ujumbe uleule: "Tuna kikundi cha wagonjwa wa saratani, wafadhili tunawapataje?" Nimejibu hadi vidole vimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo kinachosaidia watu wakiwa kwenye tiba. Sijasomea mambo haya, na maandiko yangu ya kuomba ruzuku yaliyokataliwa ni mengi kuliko yaliyokubaliwa.

Hatua ya 1. Sajilini kikundi, muwe na katiba, na akaunti ya benki yenye watia saini wasiopungua wawili. Kama bado, ishieni hapa kwanza.

Hatua ya 2. Amueni: huduma au utafiti? Wengi huchanganya vyote kwenye andiko moja wakidhani litapendeza. Halipendezi. Fedha za utafiti huenda kwa chuo au hospitali yenye mtafiti mkuu na kibali cha kamati ya maadili, na andiko lenyewe hupitiwa na wanasayansi wengine. Kikundi chenu kinaweza kuwa mshirika, lakini si mwombaji. Huduma ndiyo uwanja wenu: nauli, malazi karibu na kituo cha tiba, ushauri nasaha, lishe, mawigi, matiti bandia, usaidizi kwa anayemuuguza mgonjwa nyumbani. Msidharau nauli. Tiba ya mionzi mara nyingi hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa mfululizo. Mtu anaweza kupewa tiba bure kabisa na bado akaiacha njiani kwa kukosa pa kulala.

Hatua ya 3. Tafuteni mfadhili ambaye tayari hutoa pesa kwa jambo kama lenu, kisha msome mwongozo wake mpaka mwisho.

Hatua ya 4. Elezeni tatizo kwa takwimu zenu. Kila andiko ninaloombwa kulipitia linaanza hivi: mwaka 2022 duniani kulikuwa na wagonjwa wapya wa saratani takriban milioni 20 na vifo karibu milioni 9.7. Ni kweli, na mfadhili anazijua kuliko wewe. Asichokijua ni kwamba kati ya wagonjwa 40 mliowafuatilia, 11 walikosa miadi, na 8 kati ya hao walisema sababu ni usafiri. (Namba hizi ni za mfano, msinakili!) Daftari la miezi mitatu lililojazwa vizuri linashinda kurasa kumi za huruma.

Hatua ya 5. Bajeti. Wekeni gharama za uendeshaji wazi: simu, pango, mhasibu, mkaguzi wa hesabu. Ukizificha ili uonekane mtakatifu, utazilipa kwa pesa ya mgonjwa.

Hatua ya 6. Pesa ikishaingia. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulieni.

Mwaka wetu wa pili tulipata ruzuku mbili: moja ya nauli na malazi ya wagonjwa wa mionzi, nyingine ndogo ya mafunzo kwa wanaouguza majumbani. Nikaziweka zote kwenye akaunti moja na daftari moja, nikisema moyoni hela ni hela. Mama mmoja akakosa dawa za kuzuia kutapika baada ya kemo (tiba ya saratani kwa dawa), nikachota kwenye fungu la mafunzo. Nani angemkatalia? Siku ya mafunzo ilipofika nikachota kwenye nauli kufidia. Kisha pango likadaiwa, nikachota tena. Sikuiba hata senti moja, na risiti zote ninazo mpaka leo. Lakini mwezi wa saba fungu la nauli lilikauka, na wagonjwa wawili waliokuwa katikati ya mionzi wakakaa nyumbani siku tatu. Dozi za mionzi hupangwa kwa mfuatano, na kwa baadhi ya saratani kukatiza ratiba hupunguza nguvu ya tiba. Hilo ndilo linaloniuma. Kudaiwa na mfadhili turudishe pesa, tukailipa kidogo kidogo mwaka mzima, kulikuwa aibu tu.

Kwa hiyo:
– Pesa yenye masharti haigeuzwi matumizi bila kibali cha maandishi. Ukiomba KABLA, wengi huelewa. Ukieleza BAADA, wewe ni mtuhumiwa.
– Kila ruzuku na daftari lake, hata kama akaunti ni moja.
– Wekeni fungu la "dharura za wagonjwa" ndani ya bajeti tangu mwanzo. Dharura zitakuja, huo si utabiri.
– Barua ya "hongera, mmefaulu" si pesa. Msikope kwa kuitegemea.

Hatua ya 7. Picha na habari za mgonjwa: ridhaa ya maandishi, na haki ya kuiondoa baadaye. Anayehitaji msaada wako hana uhuru kamili wa kukukatalia, kwa hiyo mwombe siku ambayo hujamletea kitu.

Hatua ya 8. Ripoti kwa wakati, pamoja na yaliyoshindikana.

Maswali sasa.

—

Haraka_haraka: Mkuu asante kwa somo. Nitumie andiko lako lililokubaliwa nibadilishe jina la kikundi tu.

Mwandishi: Hapana. Soma hatua ya 4.

Haraka_haraka: Basi hata bajeti yake tu mkuu.

Mwandishi: Hatua ya 4, kisha ya 5.

Mpiga_hesabu: Hayo "mambo ya uendeshaji" ndiyo yanayotufanya tusichange. Mimi nataka kila senti yangu imfikie mgonjwa.

Mwandishi: Itamfikia kwa miguu ya nani? Anayempigia mgonjwa simu kumkumbusha miadi anatumia vocha. Mkaguzi anayehakikisha sijala pesa yako naye analipwa. Mimi mwenyewe sipokei mshahara, lakini nisingependa hilo liwe sharti kwa kila mweka hazina, maana asiyelipwa akichoka huondoka na funguo. Uliza matumizi, omba hesabu zilizokaguliwa, una haki hiyo. Kudai yawe sifuri ni kutuomba tukudanganye.

Muuguzi_mwanafunzi: Samahani kama ni swali la kijinga. Je, michango midogo ya watu ina maana yoyote kwenye utafiti, au utafiti ni wa serikali na kampuni kubwa tu?

Mwandishi: Si la kijinga hata kidogo, dada. Mwaka 1948, Boston, daktari Sidney Farber alichapisha matokeo ya dawa iliyowapa watoto wenye saratani ya damu nafuu ya muda. Wakati ule wengi waliona kuwatibu watoto hao ni kuwatesa bure. Mwaka huohuo redio ilirusha kipindi kutoka kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa aliyeitwa "Jimmy", wasikilizaji wakaombwa wachange ili apate televisheni. Televisheni aliipata, na zaidi ya dola 200,000 zikakusanywa, mwanzo wa mfuko unaogharimia tiba na utafiti mpaka leo. Jina "Jimmy" lilikuwa la bandia kulinda faragha yake (hatua ya 7 si uvumbuzi wangu!). Wengi waliamini alishafariki, hadi alipojitokeza mtu mzima mwaka 1998.

Na kuna jambo lingine. Wafadhili wakubwa hupenda wazo lenye dalili za kufanya kazi. Dalili hizo hutoka kwenye utafiti mdogo wa awali, na huo mara nyingi hulipiwa na mifuko ya hisani. Zaidi ya hayo, washiriki wakiacha utafiti katikati kwa kukosa usafiri, matokeo yanapwaya. Nauli yako basi ipo ndani ya utafiti ingawa jina lake haliandikwi.

Muuguzi_mwanafunzi: Sikuwahi kuiona hivyo. Je, kampuni ya dawa ikitaka kutufadhili, tukubali?

Mwandishi: Vikundi vingi hukubali, ila kwa masharti: mkataba wa maandishi, ufadhili utangazwe wazi, kampuni isiguse ushauri mnaowapa wagonjwa, isione majina yao, na isiwe mfadhili pekee. Sisi tulikataa mmoja aliyetaka nembo yake kwenye vipeperushi vya ushauri. Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekimbia na mguu wa bandia mwaka 1980, siku 143 na kilomita 5,373 hadi saratani ilipomrudia mapafuni, alikuwa anachangisha fedha za utafiti, na bado aliwakataa wadhamini waliotaka awatangazie bidhaa.

Haraka_haraka: Mkuu, kwa hiyo wafadhili wenyewe ni akina nani? Weka orodha.

Mwandishi: Hatua ya 3.

Mama_wa_mapacha: Tusaidie kwenye risiti. Wagonjwa wetu wanapanda magari yasiyotoa risiti kabisa.

Mwandishi: Swali zuri. Tengenezeni fomu fupi: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, saini ya mgonjwa na ya mjumbe mmoja, na muhuri wa kliniki kwenye kadi ya miadi kuthibitisha alifika. Mwonyesheni mfadhili fomu hiyo kabla hamjaanza kuitumia. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, mkaguzi wetu huikubali.

Mpiga_hesabu: Nyongeza kwa hilo: risiti za mashine hufutika zikikaa kwenye joto. Zipigeni picha siku hiyohiyo.

Mwandishi: Kweli kabisa. Nina bahasha nzima ya karatasi nyeupe nilizokuwa naziita ushahidi.